Wati za Kwenye Katoni na Maswali Mengine ya Spika za Mezani

Barua nyingi za mwezi huu zimezunguka jambo moja: spika za kuweka mezani, zenye amplifaya ndani, za kusikilizia muziki kando ya kompyuta bila kumaliza mshahara. Tumechagua nane.

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nina shilingi 350,000. Kariakoo nimeonyeshwa vitu viwili vya bei inayokaribiana. Kimoja ni sabufa na spika zake mbili ndogo, katoni imeandikwa "12,000W PMPO". Kingine ni spika mbili tu za boksi la mbao, zimeandikwa 42W RMS. Muuzaji anasema sabufa ndiyo mzigo wenyewe. Nasikiliza rumba na bongo fleva, chumba ni futi kumi kwa kumi. Nichukue ipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Chukua zile mbili za mbao.

PMPO haina kipimo kinachokubaliwa popote. Kila kiwanda huandika namba inayokipendeza. RMS ndiyo wati ambazo amplifaya huweza kuzitoa mfululizo bila kukoroma. Ukitaka kupima ukweli hapo hapo dukani, geuza chombo nyuma usome kibandiko cha umeme. Kama kinatumia adapta ya volti 12 na ampea 2, zidisha: wati 24. Huo ndio umeme wote unaoingia, na sehemu yake inaishia kuwa joto, kwa hiyo kinachotoka kama sauti ni pungufu ya hapo. Chombo kinachochomekwa ukutani moja kwa moja huandikwa wati za matumizi. Wakati mwingine hizo ni za wastani, hivyo tofauti ndogo isikutie shaka. Ila chombo kinachokula wati 60 hakiwezi kutema 12,000, hata muuzaji aape.

Na hizo 42 usizione chache. Spika nyingi za saizi hii hutoa takriban desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Wewe utakaa sentimita 70 hivi, kwa hiyo wati hiyo moja inakufikia ikiwa desibeli 88, na hiyo ni ya spika moja tu. Kuongeza wati maradufu kunaongeza desibeli 3, badiliko dogo sikioni. Ili usikie sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati mara kumi. Katika chumba chako, wati 10 kila upande zitakufanya uinuke uipunguze.

Tatizo la sabufa za bei hiyo liko kwenye zile spika mbili ndogo. Mara nyingi ndani mna koni moja ya inchi 2 au 3, bila twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Kwa kuwa haziwezi kushuka chini, sabufa inalazimishwa kupanda hadi hezi (mitetemo kwa sekunde) 150 au 200, mahali ambapo sauti ya mwanamume inaishi. Matokeo yake gitaa liko mezani na muimbaji anaimba kutoka chini ya meza, miguuni pako. Sabufa si kitu kibaya, ila ya bei hii hulipiwa kwa kupunguza vilivyobaki.

Kuhusu besi, tusidanganyane. Spika ya inchi 3 huanza kuishiwa kwenye hezi 80 hadi 100 hivi, ya inchi 4 kwenye 60 hadi 70, ya inchi 5 hukaribia 50. Gitaa la besi la nyuzi nne, uzi mnene kabisa ukipigwa wazi hutoa hezi 41, unaofuata 55, kisha 73, na mwembamba 98. Hata hivyo utaifuata besi ya rumba vizuri kwenye inchi 4, kwa sababu kila noti ina vipande vyake vya juu, na sikio likivisikia hujijazia chini kilichokosekana. Kitakachopungua ni ule mpigo wa kifuani unaoletwa na amapiano. Kama huo ndio unaoutafuta, subiri upate pesa ya inchi 5.

Kwa majina: Edifier R1280T ndiyo inayolingana na maelezo yako, wati 42 RMS, spika ya besi ya inchi 4, twita ya hariri ya milimita 13, vitufe vya besi na trebo ubavuni. R1280DB ni ndugu yake mwenye Bluetooth na tundu la waya wa mwanga (optical). Edifier MR4 na PreSonus Eris 3.5 zimetengenezwa kwa kazi ya studio ndogo. Zinasema ukweli zaidi, hazipambi besi. Mtu wa rumba ataridhika na yoyote kati ya hizo.

Kabla ya kulipa, jaribu kwa simu yako mwenyewe, nyimbo ukiwa umeshazipakua. Washa bila muziki, sogeza sikio sentimita 30: mluzi mwembamba ni kawaida, mngurumo si kawaida. Cheza wimbo kisha shusha sauti hadi karibu na sifuri. Kwenye spika za bei nafuu upande mmoja huwahi kuzimika kabla ya mwingine, kwa kuwa kitufe cha sauti hakilingani pande zote mbili, na wewe wa kusikiliza usiku polepole utaudhika nalo kila siku. Tatizo hilo likiwa kubwa, omba katoni nyingine.

SWALI: Kuna zilizoandikwa "active" na zilizoandikwa "powered". Ni kitu kimoja?
Msomaji, Kigali

JIBU: Sokoni, ndiyo: amplifaya imo ndani. Kwa fundi kuna tofauti. Kwenye R1280T amplifaya imekaa boksi la kulia, na boksi la kushoto linapelekewa sauti kwa waya wa spika. Kwenye JBL 305P MkII kila boksi lina umeme wake na amplifaya mbili, moja ya besi na moja ya twita, wati 41 kwa 41. Angalia jambo moja tu: za aina hii ya pili mara nyingi bei iliyobandikwa ni ya spika moja. Watu wamefika nyumbani na boksi moja.

SWALI: Assalaam alaykum. Mie ni mtu wa taarab. Nimenunua spika nzuri za inchi 4, tundu la besi liko nyuma. Meza imegusana na ukuta wa mawe na kwengine haiendi. Besi inavuma kama ngoma ndani ya pipa, na ganuni siisikii sawasawa. Nizirudishe dukani?
Msomaji, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Usizirudishe, spika hazina kosa.

Besi ikigonga ukuta hurudi ikajiunga na ile inayotoka mbele. Ukuta mmoja unaweza kuongeza hadi desibeli 6 chini kabisa, na pembeni ya chumba, palipo na kuta mbili, ni zaidi. Kwa hiyo kwanza toa spika kwenye kona, hata kama ni kwa kusogeza zote mbili nusu mita kuelekea katikati ya meza. Kisha acha sentimita 5 hadi 10 kati ya mgongo wa spika na ukuta, ili tundu lipumue na waya usivunjike shingo.

Utashauriwa uzivute mbele sana. Kwa meza yako huo ni ushauri mbaya, na hesabu yake ni nyepesi. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Gawanya namba hiyo kwa mara nne ya umbali kutoka uso wa spika hadi ukutani, utapata hezi ambazo mwangwi wa ukuta unazifuta. Uso ukiwa sentimita 60 kutoka ukutani, linalofutwa ni eneo la hezi 143, na sauti za waimbaji zinakonda. Uso ukiwa sentimita 30, shimo linapanda hadi karibu 286, ambako spika yenyewe imeanza kuelekeza sauti mbele, kwa hiyo shimo linakuwa dogo. Ama karibu kabisa na ukuta, ama mbali zaidi ya mita moja. Katikati ndiko pabaya.

Ukishaziweka karibu, kizungushe kitufe cha besi nyuma kidogo kidogo hadi mvumo uishe. Ukibaki, chukua soksi safi ya pamba, ikunje, izibe tundu la nyuma. Besi ya chini itapungua na itakuwa kavu zaidi. Kwa fidla na ganuni hilo ni faida.

Sasa ganuni. Twita hupeleka sauti mbele kama tochi, na kwenye meza mara nyingi tochi hiyo inamulika kifua chako. Inua mbele ya spika: yenye kina cha sentimita 20 ukiiwekea kitu cha sentimita 4 chini ya ukingo wa mbele, inalala nyuma digrii 11 hivi na twita inaelekea masikioni. Kitu hicho kiwe laini. Kipande cha sponji ngumu ya godoro, au soli za malapa yaliyokatika zilizopangwa tatu tatu, vinafaa kuliko kitabu, kwa sababu vinazuia mtikisiko usiingie kwenye mbao. Weka kiganja juu ya meza wakati muziki unapiga. Ukisikia meza inatetema, nayo inaimba, tena vibaya.

Mwisho, pima kwa utepe: kati ya spika na spika sentimita 80, na kutoka kila spika hadi sikio lako 80. Muimbaji akisikika kutoka katikati, mahali ambapo hakuna kitu, umepatia.

SWALI: Spika zinazopata umeme kwenye USB zinatosha?
Msomaji, Bujumbura

JIBU: Kwa sauti ya chini mezani, ndiyo. Tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na ampea nusu, yaani wati 2.5, la USB 3.0 hutoa ampea 0.9, wati 4.5. Hapo ndipo kikomo kilipo. Creative Pebble ni mfano mzuri wa aina hii, na uso wake umelazwa nyuma tayari. Usiichomeke kwenye kigawanyio cha USB pamoja na diski ya nje, utasikia inakwaruza kila besi inapopiga.

SWALI: Habari zenu. Nimenunua spika pale Luthuli, zinacheza poa. Shida ni nikiweka laptop kwa chaja, zinaanza kunguruma, na nikisogeza mausi nasikia kitu kama mdudu anakwaruza. Nikitoa chaja, kimya. Stima yetu ni mbaya ama spika?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Umeshajipimia nusu ya kazi. Mngurumo unaozima chaja ikitolewa hautoki kwenye spika. Ni umeme unaovuja kutoka kwenye chaja na kompyuta, unapita kwenye waya wa AUX, na unatafuta njia ya kwenda ardhini kupitia spika zako. Ngurumo nzito ni hezi 50 za stima ya ukutani. Yule mdudu ni kompyuta yenyewe ikifanya kazi.

Anza na lisilo na gharama. Chomeka chaja na spika kwenye ekstensheni moja, yenye pini tatu kamili, kwenye soketi moja ya ukutani. Mara nyingi hilo pekee linatosha, kwa kuwa njia mbili za ethi zinakuwa moja. Kama ekstensheni yenyewe ni ya bei ya chee, fungua plagi uone kama waya wa ethi upo kweli. Nyingine zina pini ya tatu ya mapambo.

Ikikataa, kuna njia mbili za uhakika. Kama spika na kompyuta zote zina tundu la waya wa mwanga, tumia huo: waya huo hausafirishi umeme, kwa hiyo hakuna cha kuvuja. Kama hazina, nunua kizuia ngurumo, kile kidude kidogo chenye transfoma mbili ndani ambacho mafundi wa redio za gari hukitumia, kinachokaa katikati ya waya wa AUX. Cha bei ya chini sana kinakula besi kidogo. Kadi ya sauti ya USB humtuliza yule mdudu wakati mwingine, lakini ngurumo haiigusi, kwani USB nayo ni waya wa shaba ule ule.

Atatokea wa kukuambia ukate pini ya ethi. Usikate. Siku kitu kikiunguza ndani, ethi ndiyo inayozuia umeme usikungojee kwenye chuma cha spika.

Na ukisikia "drrr-dit-dit-dit" sekunde chache kabla simu haijaita, hiyo ni simu yako tu ikiwa kwenye 2G, inatuma mapigo 217 kwa sekunde na waya wa spika unayadaka. Isogeze nusu mita.

SWALI: Nimenunua spika mbili za studio, kila moja ina waya wake wa umeme na tundu la jeki kubwa nyuma. Nimechomeka moja kwanza ili nijaribu, kwa waya wa simu na kibadilishio cha jeki ndogo kwenda kubwa. Vyombo vinasikika lakini muimbaji hayupo! Spika ni mbovu?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Nzima kabisa. Tundu hilo limetengenezwa lipokee sauti moja kwa nyaya mbili, na spika kazi yake ni kutoa ya pili kwenye ya kwanza. Jeki ya simu ina upande wa kushoto kwenye ncha na wa kulia kwenye pete. Spika imechukua kushoto, ikatoa kulia, na kila kilichokuwa sawa pande zote mbili kimejifuta. Waimbaji huwekwa katikati, sawa kwa sawa. Ndiyo maana kaondoka na besi.

Nunua waya wenye jeki ndogo ya stereo upande mmoja na jeki kubwa mbili za mono upande mwingine. Utaitambua mono kwa mstari mmoja mweusi. Stereo ina miwili. Moja iende kushoto, nyingine kulia. Spika ikiwa na swichi ya +4 na -10 nyuma, weka -10, kwa sababu simu na kompyuta zina nguvu ndogo kuliko mitambo ya studio. Kisha pandisha sauti ya kompyuta hadi asilimia 80 au 90, na uzirekebishe zote mbili kwa vitufe vyao, kwa kiwango sawa. Ukifanya kinyume chake, kompyuta chini na spika juu, unachoongeza ni mluzi.

SWALI: Nimehama nyumba na spika zangu. Nilipoziunganisha upya besi imepotea, na sauti imetawanyika, haijulikani inatoka wapi.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Umegeuza waya unaounganisha boksi lenye amplifaya na boksi lisilo nayo. Koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi zinauana hewani. Zima umeme, angalia nyekundu iende kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi ncha zote mbili. Kama waya hauna rangi, geuza ncha moja tu, sikiliza, na ubaki na mpangilio wenye besi nyingi. Nyuzi za shaba za upande mmoja zisiguse za upande wa pili. Hapo amplifaya haina msamaha.

SWALI: Shikamooni. Kijana wangu ameniletea spika za mtumba kutoka Marekani, na jirani anauza nyingine za Japani. Nizikague vipi, na je nizichomeke tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mzee. Usizichomeke bado.

Marekani hutumia volti 120, Japani 100, sisi 230. Soma kibandiko cha nyuma au cha adapta. Kikisema 100–240V, badilisha plagi tu. Kikisema 120V au 100V peke yake, zikipata umeme wetu fyuzi itakatika ukiwa na bahati. Usipokuwa nayo, ni transfoma na moshi. Dawa ni transfoma ya kushushia umeme, yenye uwezo wa walau mara mbili ya matumizi: spika za wati 60, transfoma ya 120 hadi 150. Spika zenye transfoma iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee zitapata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu, hivyo ziachie nafasi ya hewa na uzime kabisa usiku. Ukijumlisha bei ya kishushio, nyingi za jirani zitakuwa zimepoteza unafuu wake.

Ukaguzi uanze na mkono. Gusa ule ukingo laini unaozunguka koni. Wa mpira hudumu. Wa sponji, baada ya miaka 10 hadi 15, hubomoka kama mkate mkavu, na ukibomoka besi inakwaruza. Kisha weka vidole viwili pande mbili za koni, uisukume taratibu na kwa usawa. Irudi kimya. Ukisikia mchakacho, koili inasugua sumaku, na hiyo haina tiba ya bei nafuu. Weka sikio kwenye kila twita muziki ukipiga. Twita iliyokufa haionekani kwa macho.

Ukishakuwa na umeme sahihi, washa bila kuchomeka waya wowote wa muziki, sauti ukiwa umeizima. Ngurumo ikiwepo hata hapo, ni kapasita kubwa za kusafisha umeme zimechoka. Fundi akifungua ataziona zimevimba vichwa. Azibadilishe kwa maikrofaradi zile zile, volti zile zile au zaidi, na ziwe za nyuzijoto 105 kwa ajili ya joto la Tanga. Kazi hiyo ni ya saa moja, na vipuri vyake ni rahisi. Mwambie asubiri dakika kadhaa baada ya kuchomoa kabla ya kugusa, maana kapasita hubaki na umeme.